Tasbihi Mbili na Kofia ya Ba'mdogo

Niseme mapema kabla hamjaanza kuulizana kwa macho: yule kijana aliyeingia kwenye posa yake mwenyewe kule Kondoa akiwa amenyolewa nusu kichwa, usoni kapakwa krimu nyeupe, shingoni kafungwa kitambaa cha kinyozi, ni mimi. Najua habari mmezisikia, maana wiki ile nilipoteremka stendi ya Dodoma konda alinitazama kichwani kwanza ndipo akanitazama usoni. Watu hawajanisingizia chochote isipokuwa pale wanaposema nilikuwa kifua wazi. Shati nilikuwa nalo.

Mimi ni mwalimu msaidizi wa fizikia katika chuo kimoja hapa Dodoma, nimepanga chumba Nzuguni, na wakati huo nilikuwa nimetoka kusoma kozi fupi nje ya nchi, kozi ya kutuma siri kwa kutumia chembe za mwanga zilizofungamana. Kozi fupi ni kitu kibaya sana. Mtu aliyesoma kitu miaka mingi huwa amekichoka na hana haja ya kumweleza mtu, lakini mimi nilirudi na mabegi mawili na kiherehere cha kumweleza kila aliyesimama karibu, nilimweleza mama mwenye nyumba wangu akiwa anaanika nguo, nikamweleza muuza vocha, nikamweleza hata askari wa usalama barabarani aliyekuwa amenisimamisha kwa jambo jingine kabisa (akaniachia niende, na kwa ujinga wangu nikadhani nimemvutia).

Jambo lenyewe, kwa ninyi mliobahatika kutokutana nami kipindi kile, ni hili. Unatengeneza chembe mbili za mwanga kwa mkupuo mmoja, moja unampelekea mwenzako aliyeko mbali na nyingine unabaki nayo. Ukiipima ya kwako inakupa jibu la kubahatisha tu, ndiyo au hapana, na hakuna mtu duniani anayeweza kulijua kabla. Lakini mwenzako akiipima ya kwake kwa namna ileile, jibu lake linaoana na lako. Mkirudia mara nyingi kila mmoja anabaki na mfululizo uleule wa ndiyo na hapana, na huo ndio ufunguo wenu wa kufungia siri. Mdukuzi akizigusa njiani, majibu yenu yanaanza kupishana, na hapo mnajua kuna mtu kaingiza pua. Sasa shikeni hili moja, kwa sababu wanafunzi hulikosea kila mwaka: chembe zenyewe hazibebi ujumbe wowote. Zinatoa ufunguo. Ujumbe wenyewe bado lazima upite njia ya kawaida, iwe simu, barua au mtu kwa miguu yake. Nimewahi kumfelisha baba wa watoto watatu kwa kukosea hapo, na nilimfelisha nikitabasamu.

Basi, nilikuwa nampenda Saida. Saida alikuwa mwalimu wa shule ya msingi palepale Kondoa, tunatoka mji mmoja, na tulikuwa tumekubaliana kila kitu sisi wawili, bado wazee tu. Baba yake, Mzee Shabani, ni mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti, mtu wa maneno machache. Tatizo lilikuwa kaka yake, Twaha, anayefanya kazi kitengo cha kompyuta katika ofisi moja hapa Dodoma, ambaye kazi yake, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, ni kuzima printa na kuiwasha tena. Twaha alipenda kusema mbele za watu, huku amekunja nne, "Siku hizi simu ya mtu naisoma kama gazeti." Huyo Twaha alikuwa na rafiki kazini, mwenye gari, na alikuwa akimpigia debe huyo rafiki kwa Mzee Shabani ili ampose Saida. Hayo Saida alininong'oneza siku moja, akaniambia, "Mama ndiye kaniambia, baba akijua mama anatoa maneno ya ndani itakuwa mbaya kwake. Ibaki kwako." Nikamwambia siri hiyo nitazikwa nayo.

Mshenga wangu alikuwa Ba'mdogo Hashimu, mdogo wake marehemu baba, dalali wa mahindi pale Kibaigwa, mtu anayeweza kumuuzia mahindi mtu aliyekuja kuuza mahindi. Kwa mdomo sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa kusubiri. Kwetu siku ya posa mposaji hasogei karibu na nyumba ile, anakaa kwao ametulia kama mgonjwa, na jibu analetewa na mshenga akisharudi. Tena kwa kina Saida walikuwa na utaratibu wa kukusanya simu za wazee wote kwenye kikapu mlangoni ili mazungumzo yasitoke nje kabla ya wakati. Kwa hiyo kilichotakiwa kwangu ni kukaa kwa mama yangu, mtaa wa pili, nile, nilale kidogo, jioni niambiwe. Mtoto wa darasa la pili angeliweza hilo. Mimi nikaona msomi wa kiwango changu hawezi kuambiwa jibu lake jioni pamoja na majirani, nikaamua nitalipata papo hapo, na nitalipata kwa namna ambayo Twaha na kompyuta zake zote hawezi kulidukua. Huo ndio uamuzi wenyewe, na uchafu wote uliofuata ulitoka hapo.

Leza sikuwa nayo, maabara sikuwa nayo. Nikaenda sokoni nikanunua punje za tasbihi, nyeupe na nyeusi, nikajifungia chumbani Nzuguni nikirusha sarafu. Ikiangukia upande huu natunga punje mbili nyeupe, moja kwenye uzi wangu na moja kwenye uzi wa Ba'mdogo. Ikiangukia upande ule, nyeusi mbili, moja huku moja kule. Nikapata tasbihi mbili zenye mpangilio uleule ambao hakuna mwingine anayeujua, kama zile chembe zilizozaliwa pamoja. Njia ya kawaida ya kupitishia ujumbe ikawa kofia ya Ba'mdogo. Mazungumzo yakikamilika atatoka nje ya nyumba asimame. Ikiwa punje tuliyofikia ni nyeupe, kofia kichwani ni tumekubaliwa na kofia mkononi ni tumekataliwa. Ikiwa nyeusi, kinyume chake. Kisha tunahamia punje inayofuata anarudia tena, kwa uhakika. Mtu yeyote atamwona mzee na kofia yake na hataambulia kitu. Nilipomaliza nilijipongeza kwa sauti, peke yangu, chumbani.

Nikapanda basi mpaka Kibaigwa. Nilimkuta Ba'mdogo sokoni katikati ya magunia na malori, madereva wanamwita huku, wanunuzi wanamvuta kule, na mimi nikamsimamisha hapo nikamfundisha fizikia. Nilianza na mwanga wenyewe (sijui kwa nini nilianza na mwanga), nikaja kwenye chembe, nikaja kwenye mdukuzi, nikamalizia na tasbihi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ba'mdogo, umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu."

"Ukitoka nje utafanya nini?"

"Nitaangalia tasbihi."

"Halafu?"

"Halafu kofia," alisema, akamgeukia dereva kumwambia arudishe lori nyuma kidogo.

Mwanafunzi akinijibu hivyo namrudishia mtihani wake. Ba'mdogo nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamwambia hongera. Tulilinganisha punje chache za mwanzo za tasbihi yangu na yake, zikaoana, nikamtangazia kwamba njia iko salama na hakuna mdukuzi. Akaitazama ile tasbihi, akaniombea dua ndefu yenye machozi kidogo, akaitia mfukoni. Nikadhani amelizwa na uzuri wa hesabu.

Saida sikumwambia. Nilisema moyoni kwamba akijua atababaika mbele ya kaka yake, na siri ikishaingia nyumba ile si siri tena.

Siku ya posa nikazima simu yangu kabisa, kwa usalama, nikaingia kwa kinyozi mmoja anaitwa Mudi ambaye kibanda chake kiko mkabala na nyumba ya kina Saida. Kutoka kwenye kiti chake, kupitia dirishani, nilikuwa naona ukuta mfupi wa ua wao, na mtu akisimama nyuma ya ukuta unamwona kichwa na mabega. Ilinitosha. Tasbihi yangu ilikuwa chini ya kitambaa, kidole kwenye punje ya kwanza, nyeupe. Kwa vile nilihitaji sababu ya kukaa muda mrefu nilimwambia Mudi aninyoe, achonge ndevu, na usoni anipake kila alichonacho. Mudi alifurahi sana. Alinipaka krimu nzito, akaanza kunyoa upande wa kushoto, huku akinieleza habari za mpira, na mimi nimekodoa macho ng'ambo kama fisi aliyesikia harufu ya mfupa.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Naomba mlizingatie hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko kitambaa na krimu. Mimi ni mtoto wa Kondoa, nimekaa chuoni kwa maalimu kabla sijajua darasa la shule likoje, adhana nimeisikia kwa masikio yangu haya mawili, Mudi mwenyewe kasema, "Adhuhuri hiyo, bosi, nikumalize haraka?" nikamwambia endelea. Na hapohapo Ba'mdogo akatokeza nyuma ya ule ukuta. Akasimama. Akavua kofia.

Punje nyeupe, kofia mkononi. Tumekataliwa.

Nikahama punje. Ya pili ilikuwa nyeusi, na kwenye nyeusi kofia kichwani ndiyo hapana. Ba'mdogo akainama, akainuka, akajifuta kichwa, na taratibu kabisa, kwa utulivu wa mtu anayetoa habari mbaya, akaivaa kofia. Tumekataliwa mara mbili. Jaribio limerudiwa na jibu limekuja lilelile, na sisi watu wa sayansi jibu likija lilelile mara mbili tunakuwa wajinga wenye uhakika.

Sijui niliinukaje. Ninachojua ni kwamba damu ilinipanda, nikaona gari la yule rafiki yake Twaha limeegeshwa ndani ya ndoa yangu, nikavuka barabara mbio na kitambaa shingoni, Mudi nyuma yangu anaita, "Bosi, kitambaa, bosi," mashine bado iko mkononi mwake. Watoto wakaungana nasi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akatua ndoo.

Niliingia sebuleni bila hodi. Wazee walikuwa wamesimama mstari mmoja, bega kwa bega, wameelekea upande mmoja, na hata hapo, ndugu zangu, hata hapo sikujiuliza kwa nini watu wazima wamepanga mstari. Nikawaamkia kwanza, maana malezi ninayo.

"Shikamooni, wazee."

Waligeuka kunitazama.

"Najua mmenikataa," nikasema. "Sawa, ni haki yenu. Lakini kama ni kwa sababu ya gari la huyo rafiki yake Twaha mngesema mapema, nisimchoshe Ba'mdogo kutoka Kibaigwa. Msidhani sijui. Saida ameniambia yote, na Saida kaambiwa na mama yake."

Jikoni, ambako dakika moja kabla kulikuwa na kelele za sufuria na wanawake wanacheka, kukawa kimya. Ndipo nilipomtazama Ba'mdogo. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye ndevu. Nikamtazama Mzee Shabani, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko. Wote walikuwa wamelowa. Nikatazama mkono wa kulia wa Ba'mdogo, na mle ndani tasbihi yangu, ufunguo wangu nilioutunga kwa kurusha sarafu, ilikuwa inasogea chini ya dole gumba punje baada ya punje, kimyakimya, kama tasbihi yoyote inavyosogea mkononi mwa mtu anayemtaja Mola wake.

"Nani amekukataa?" aliuliza Mzee Shabani.

Alinitazama kichwa, upande ulionyolewa na upande usionyolewa, kisha akatazama kule jikoni kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Tuswali kwanza," akasema.

Wakaswali. Mimi sina udhu, nina krimu usoni, siwezi kujiunga nao na siwezi kupita mbele yao kutoka, kwa hiyo nilisimama pale nyuma rakaa zote nne, Mudi kando yangu, watoto mlangoni. Twaha alikuwa mwisho wa mstari na nilimwona mabega yakimcheza. Aliswali huku anacheka, na sijawahi kumlaumu. Walipotoa salamu Mzee Shabani alibaki amekaa akasema bila kugeuka, "Hashimu, nenda na mtoto wako. Lile tulilokubaliana tuliache kwanza."

Tulilokubaliana. Hilo neno nilitoka nalo mpaka barabarani.

Kule nje Ba'mdogo hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nilimuuliza kwa nini alivua kofia akanishangaa kweli kweli. "Nitapakaje maji kichwani na kofia nimevaa?" Nikamuuliza na ile tasbihi je, na yale yote niliyomweleza sokoni. "Mwanangu, mimi nilijua umeninunulia tasbihi. Nikasema mtoto wa kaka amenikumbuka. Yale mengine nilidhani ni masomo yako, unajifurahisha."

Kwa hiyo hakukuwa na ujumbe. Hakuna hata mmoja uliotumwa. Nilikuwa nimekaa dirishani nikasoma kichwa cha mtu anayetawadha, nikapata habari kamili, nikaihakiki, nikaikasirikia. Yule baba wa watoto watatu niliyemfelisha angecheka mpaka alale chini.

Nikawasha simu, labda kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi. Ujumbe wa Saida ukaingia, aliutuma kabla ya adhana. Wanaume ndio waliotia simu kikapuni. Wanawake wa jikoni hakuna aliyewauliza. Aliandika: "Wamekubali. Baba kasema ndiyo hata chai haijapoa. Usije huku, kaa kwa mama utulie." Maneno ya kawaida, kwenye simu ya kawaida, Twaha angeweza kuyasoma kama gazeti iwapo kweli anajua kusoma simu za watu, na hajui.

Saida alikubali kuonana nami baada ya muda mrefu, shuleni kwake, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, na nilianza vizuri, lakini nikajiona nimeshika chaki (mjinga hana likizo) nikamchorea ubaoni ili aelewe kwamba nia yangu haikuwa mbaya. Huyu mtumaji, huyu mpokeaji, hapa katikati mdukuzi tunayemkwepa. Aliutazama mchoro kwa makini, kama anayesahihisha daftari la mtoto.

"Mimi niko wapi hapa?" aliuliza.

Nikaugeukia ubao. Kwa mtumaji nilikuwa nimeandika Ba'mdogo. Kwa mpokeaji, mimi. Pale katikati nilikuwa nimechora nyumba yao.

"Nilikuwa jikoni nimeshika simu, natetemeka kwa furaha," alisema. "Na wewe uko dirishani kwa kinyozi, unajilinda nisijue. Ile siri niliyokupa mimi ukaisema mbele ya baba yangu. Mama anakula peke yake mpaka leo." Alichukua kifutio akafuta ubao wote vizuri, mpaka zile kona, akaning'iniza kifutio mahali pake. "Nenda salama, mwalimu."

Posa ya pili haikupelekwa. Mama yangu alitaka, Ba'mdogo alikuwa tayari, mimi ndiye niliyewazuia, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshapewa na halikuhitaji ufunguo wowote. Yule mwenye gari naye alijaribu bahati yake, Saida akamkataa kwa simu, sentensi moja, na kila mtu alielewa. Ba'mdogo bado anaitumia tasbihi yake na punje zimeanza kung'aa. Ya kwangu iko Nzuguni ndani ya begi la ile kozi.

Somo bado nalifundisha, ndiyo kazi, lakini wakiniomba mfano wa maisha ya kawaida nawaambia hakuna. Na nimeapa: nikiwa na neno la kumwambia mtu nitampigia nimwambie, mji mzima ukisikia usikie, na simu yangu haizimwi tena, si darasani, si usiku, hata chaji ikiisha natafuta pa kuchomeka kabla sijatafuta chakula. Ule ujumbe wa Saida upo humo mpaka leo. Sijaujibu.